Kampuni inataka kujenga nyumba kijijini kwenu: namna ya kuweka pingamizi likasikika

Habari za mradi wa nyumba ni nadra kuja kwa barua. Linaanza kuonekana gari lisilojulikana, halafu vijana wawili na mashine ya kupimia, halafu alama ya rangi nyekundu kwenye shina la mwembe au bikoni ya zege katikati ya malisho. Ukiuliza unaambiwa "tunapima tu". Wiki kadhaa baadaye dalali mjini anauza viwanja vya eneo ambalo nyinyi mnachungia mbuzi.

Mwongozo huu ni wa vijiji vya Tanzania Bara, ambako ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria zake. Na niseme mapema ninachokiamini: mapambano mengi ya namna hii huamuliwa kwenye muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufika mahakamani. Wanakijiji wanapiga kelele, wanaita waandishi wa habari, wanakwenda kwa Mkuu wa Wilaya, kisha kampuni inatoa karatasi mbili zilizopigwa mhuri zinazosema "wajumbe wote waliafiki". Hapo mnaanza kupigana na saini zenu wenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua zinazofuata ni kuhusu karatasi.

Jua kwanza ardhi inaondokaje

Usiandike pingamizi kabla hujajua mradi umepita mlango upi, maana kila mlango una mtu wake wa kumwandikia.

Mlango wa kwanza ni kijiji chenyewe kugawa ardhi ya pamoja: malisho, msitu, eneo la akiba. Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi hiyo kama mdhamini tu, kwa niaba ya wanakijiji. Kifungu cha 8 cha sheria niliyoitaja kinaizuia kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu iliyotolewa kabla. Ukishika jambo moja katika sheria nzima, shika hilo. Mwenyekiti hawezi kugawa, Mtendaji hawezi kugawa, na wajumbe wote wa Halmashauri ya Kijiji wakikaa pamoja bado hawawezi, mpaka mkutano wa watu wazima wote wa kijiji uwe umekubali.

Mlango wa pili ni kampuni kununua shamba moja moja kwa watu binafsi hadi ipate eneo kubwa. Huu ndio mgumu zaidi kuuona, kwa sababu kila muuzaji anaona anauza chake. Lakini shamba linalomilikiwa kimila haliuzwi kama baiskeli. Mauziano yanatakiwa kupita Halmashauri ya Kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali hicho ni batili. Kama eneo lina nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza pia. Mume aliyeuza kimyakimya akiwa mjini ameacha mwanya mkubwa kwenye mkataba wa kampuni.

Mlango wa tatu ni uhaulishaji, yaani ardhi ya kijiji kugeuzwa kuwa ardhi ya jumla, isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Mamlaka hayo ni ya Rais, kwa manufaa ya umma, na kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kimeweka ngazi zake. Tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali na nakala inaletwa kijijini, likieleza eneo, mipaka, madhumuni na tarehe, na tarehe hiyo haiwi chini ya siku 90 tangu tangazo litoke. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anayazingatia. Watu wanaoguswa wana haki ya kuwasilisha maoni yao, na ardhi haihaulishwi kabla aina, kiasi na muda wa fidia havijakubaliwa.

Ulizeni pia kwa Afisa Ardhi wa wilaya kama kijiji chenu kimetangazwa kuwa eneo la mipango miji. Vijiji vilivyo pembezoni mwa miji vinaweza kuingizwa humo na wakazi wasijue. Ikiwa hivyo, michoro ya viwanja inapitia Halmashauri ya Wilaya kama mamlaka ya upangaji, na pingamizi lenu lazima lifike huko pia.

Kusanya karatasi kabla ya kukusanya watu

Watu wawili au watatu wenye utulivu waende ofisi ya kijiji na kuomba, kwa barua, vitu hivi: muhtasari wa kila kikao kilichojadili eneo hilo pamoja na orodha ya mahudhurio, barua ya maombi ya kampuni, mchoro wa mradi, na Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji kama upo. Mkinyimwa, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Viongozi walioingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 huenda kwa kweli hawajui waliowatangulia walipitisha nini, kwa hiyo waombe wafungue majalada ya makabidhiano badala ya kuwashuku papo hapo.

Orodha ya mahudhurio isomeni polepole, jina kwa jina, mkiwa na mzee anayewajua watu wote. Tazameni kama kuna waliofariki kabla ya tarehe ya kikao, waliohama, watoto wa shule, jina moja lililoandikwa kwenye vitongoji viwili. Tazameni mwandiko: saini ishirini mfululizo zenye mkunjo uleule wa kalamu zinajieleza. Halafu soma ajenda. Jambo la kutoa ekari mia likiwa limepitishwa chini ya "mengineyo", mwishoni mwa kikao kilichoitwa kujadili ujenzi wa choo cha shule, una hoja nzito mkononi.

Mpango wa Matumizi ya Ardhi nao ni hazina. Kama eneo limetengwa kwa malisho au chanzo cha maji, na mpango ulipitishwa na Mkutano Mkuu, basi mradi wa nyumba unapingana na uamuzi wa kijiji chenyewe. Kijiji kisicho na mpango kina hoja dhaifu kidogo, ingawa hakijapoteza kitu.

Chagua hoja zinazoweza kupimwa

"Hatutaki wageni" haitawafikisha popote. Wala "mwekezaji ni tajiri", wala "wazee hawapendi". Afisa anayesoma barua yenu anatafuta kitu anachoweza kwenda kukiona kwa macho au kukipima kwa futi. Mpeni hicho.

Anzeni na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Chukueni kamba, ipimeni iwe mita 60 kamili, mtu mmoja asimame ukingoni mwa mto na mwingine atembee hadi kamba ikaze. Pigeni picha pale inapoishia, bikoni ya mradi ikionekana upande wa ndani. Picha moja ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa tano za malalamiko.

Kisha hesabuni. Kisima au bomba lenu linahudumia kaya ngapi sasa, na foleni ya ndoo asubuhi ni ya muda gani wakati wa kiangazi? Mradi unaleta nyumba ngapi, na maji yake yatatoka wapi? Kama mchoro hauonyeshi kisima kingine, andikeni hivyo. Fanyeni vilevile kwa shule: madarasa mangapi, wanafunzi wangapi kwa darasa. Maji ya mvua yaelezeni kwa kuonyesha yanakopita leo na yatakakoelekea ardhi ikishafunikwa paa na zege. Wenye nyumba za bondeni wawe wa kwanza kusaini hoja hiyo. Njia ya mifugo, makaburi, njia ya watoto kwenda shule, vyote vichoreni kwenye ramani ya mkono yenye majina ya vitongoji na miti inayojulikana.

Kuna swali ambalo kamati nyingi zinalikwepa: je, mnapinga nyumba zote, au mnapinga nyumba hizo mahali hapo? Kijiji kinachosema "jengeni upande wa barabara kuu, kwa idadi ndogo, mchimbe kisima chenu, muache njia ya mifugo" mara nyingi kinapata zaidi ya kijiji kilichosema hapana na kufunga mlango. Lakini amueni hilo wenyewe, mapema, kabla kampuni haijaanza kuwaita mmoja mmoja.

Mkutano Mkuu: hapa ndipo penyewe

Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Mkutano wa kawaida unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu. Andikeni barua kuomba mradi uwe ajenda inayosimama peke yake, iandikwe kwenye tangazo la mkutano. Msikubali iwekwe kwenye "mengineyo", hata kama mnaamini mtashinda, kwa sababu uamuzi unaopitia huko unapingika na upande wa pili pia.

Jazeni uwanja. Mkutano ukiitwa saa tatu asubuhi msimu wa palizi, watakaofika ni wale walioandaliwa. Ombeni muda ambao akina mama wametoka shamba na vijana wa bodaboda wanaweza kusimama. Pangeni wasemaji wasiozidi watano, kila mmoja na hoja yake: wa maji, wa malisho, wa mpango wa ardhi, wa makaburi, wa muhtasari uliopita. Wasemaji kumi wakirudia jambo moja, mwenyekiti anachoka na kufunga mjadala, na ana haki.

Sasa sikilizeni kuhusu karatasi za kusaini. Kampuni ikija "kujitambulisha" na kupika pilau, kutakuwa na daftari la kusaini chakula au posho ya usafiri. Daftari hilo linaweza kuonekana baadaye limebanwa nyuma ya muhtasari kama ushahidi wa ridhaa. Kuleni kama mnataka, ila juu ya kila ukurasa pawe pameandikwa ni orodha ya nini na tarehe. Ukurasa usio na kichwa usisainiwe. Nimeona muhtasari wa kikao cha watu wasiozidi arobaini ukiwa na majina zaidi ya mia mbili, na sehemu kubwa ya majina hayo yalitoka kwenye foleni ya sahani.

Ikifika kuamua, ombeni kura ihesabiwe. "Wote tumekubali?" ikifuatiwa na makofi haitoshi. Mikono ihesabiwe kwa sauti, waliokubali, waliokataa, wasio na upande, na namba ziandikwe pale pale. Kabla mkutano haujafungwa, mtu asimame aseme: "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba katibu atusomee azimio kama alivyoliandika." Mwenyekiti mwungwana hatakataa. Simu moja irekodi usomaji huo tangu mwanzo hadi mwisho, na siku inayofuata ombeni nakala yenye mhuri.

Barua ya pingamizi

Iwe ukurasa mmoja, au miwili ikizidi sana. Mtindo wa ofisi zetu unajulikana, uufuate tu:

Wakazi wa Kitongoji cha ………,
Kijiji cha ………,
Tarehe ………

Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji,
Kijiji cha ………

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KUGAWA EKARI ……… KWA MRADI WA NYUMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi tulioorodheshwa katika kiambatisho, wakazi wa kijiji hiki wenye umri wa miaka 18 na zaidi, tunapinga kugawiwa kwa eneo hilo kwa sababu zifuatazo:

1. Mkutano Mkuu wa Kijiji haujawahi kuidhinisha ugawaji huo kama kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinavyotaka.
2. Eneo limetengwa kwa malisho katika Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji.
3. Bikoni nne zimewekwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto (picha zimeambatishwa).

Tunaomba upimaji usimame, suala liwekwe kama ajenda ya Mkutano Mkuu, na tupatiwe nakala za maombi na mchoro wa mradi.

Nakala: Mtendaji wa Kata, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, Mkuu wa Wilaya, Afisa Ardhi wa Wilaya.

Hoja na namba ziwe za kwenu. Mkiweka bikoni nne wakati zipo mbili, afisa atakayefika kukagua hatawaamini kwa mengine. Kwenye orodha ya majina kila mtu aandike kitongoji, namba ya simu na saini au dole gumba. Peleka nakala mbili kila ofisi: moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele yako. Barua isiyo na mhuri wa kupokelewa, ofisini itakuwa haijawahi kuandikwa.

Mlango wa mazingira

Mradi unaotakiwa kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira hauruhusiwi kuanza bila cheti chake, na anayesimamia mchakato ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Wataalamu wa kampuni wanalazimika kushirikisha wadau, na nyinyi ni wadau wa kwanza. Wakija, semeni hoja zilezile za kwenye barua, neno kwa neno ikiwezekana, na ombeni majina yenu na maoni yenu yaonekane kwenye ripoti. Wasipokuja, iandikieni ofisi ya NEMC ya kanda yenu mkiuliza kama mradi umesajiliwa, mkiambatisha barua yenu na zile picha za kamba. Mradi uliokwisha kuweka msingi bila cheti unaweza kusimamishwa, na hilo likitokea huwa linatokea haraka kuliko njia nyingine zote.

Halmashauri ya Kijiji ikiwa ndiyo tatizo

Kifungu kilekile cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kina silaha ambayo watu wachache wanaitumia. Wanakijiji wasiopungua 100 wakilalamika kwa Halmashauri ya Wilaya kwamba Halmashauri ya Kijiji haisimamii ardhi inavyopaswa, wilaya inatakiwa ilishughulikie. Kusanyeni 130 au zaidi, kwa sababu baadhi watajiondoa wakishapigiwa simu. Kama kuna harufu ya fedha, TAKUKURU wapo, ila msitaje jina la mtu kwenye barua ya pingamizi bila ushahidi. Kesi ya kashfa itawatoa kwenye ardhi na kuwapeleka kujadili tabia za watu.

Na bikoni msizing'oe. Najua inavyouma kuiona, lakini kung'oa au kuharibu alama za upimaji ni kosa la jinai, na kamati ambayo viongozi wake wanaripoti polisi kila wiki haina muda wa kusoma mihtasari.

Mabaraza na mahakama

Mgogoro wa mtu na mtu, mfano jirani aliyeuza mpaka ndani ya shamba lako, unaweza kuanza Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwa kuelewana linatoa cheti cha kuonyesha usuluhishi umeshindikana, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila usuluhishi mnaweza kwenda hata bila cheti.

Kesi ikiigusa Serikali au Halmashauri, mambo yanabadilika. Inahitajika notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linasikilizwa Mahakama Kuu. Msifike huko peke yenu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wilaya nyingi wanao, na taasisi kama HAKIARDHI, LEAT, TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zina uzoefu na migogoro ya ardhi. Mtakapokwenda kwao bebeni jalada lililopangwa kwa tarehe. Wakili anayepokea jalada la namna hiyo anajua ndani ya nusu saa kama kuna kesi. Anayepokea mfuko wa rambo uliojaa karatasi zilizokunjwa atawapa miadi nyingine.

Mthamini akija na bado mnapinga

Hapa watu wengi huumia. Wanaona wakikubali kuthaminiwa wamekubali mradi, hivyo siku ya mthamini, yule anayekadiria thamani ya mali kwa ajili ya fidia, wanakwenda shamba jingine, na mali zao zinaandikwa na mtu asiyezijua, au haziandikwi kabisa. Kuwepo siku hiyo hakufuti pingamizi. Andikeni barua fupi kwamba mnashiriki uthamini bila kuathiri pingamizi lenu, igongwe mhuri, kisha msimame kwenye mashamba yenu.

Hesabu mwenyewe pamoja naye: miti ya matunda kwa aina na umri, nyumba, banda, choo, kisima, makaburi. Piga picha ya kila kimoja ukiwa umesimama kando yake. Fidia ya haki ina thamani ya soko ya ardhi na mali, halafu posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Uthamini ukishaidhinishwa, malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita, na yakichelewa riba inaanza kuhesabiwa. Fomu isiyojazwa usiisaini, hata kama mthamini ana haraka na gari linamsubiri. Na kabla hajaondoka ipigie picha ile iliyojazwa, kila ukurasa, nyuma na mbele.